Sili Ninao, Wengi

Kazi yangu ilikuwa kuosha mabuti ya matajiri ili wakanyage barafu wakiwa safi. Naanza na hilo kwa sababu kwetu Bugarama, wilayani Ngara, kila mtu alikuwa na habari yake. Wapo waliosema niko Uarabuni nalea watoto wa watu. Wapo waliosema nimefungwa, na nchi niliyofungwa ilibadilika kila Jumapili. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa akinitaja katika nia za sala katikati ya wagonjwa na marehemu, kwa kuwa hakuwa na uhakika aniweke upande gani. Nilipoambiwa hilo nilinuna wiki nzima. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa melini. Nilisoma chuo cha hoteli Mwanza, nikafanya kazi Zanzibar miaka sita, na meneja wangu wa huko alipohamia kwenye meli za watalii akanivuta. Nilidhani ni meli inayokwenda mahali. Kumbe inaondoka kwenye mji wa mwisho kabisa wa Ajentina, inavuka bahari iliyochafuka siku mbili watu wakitapika, inafika Antaktika, inazungukazunguka kwenye barafu siku kumi, kisha inarudi ilikotoka. Ukiwaacha wanasayansi wachache waliojifungia vibandani, hakuna wa kumsalimia huko. Hakuna soko, hakuna kanisa, hakuna ofisi ya kata. Watu wazima wanaacha nyumba zenye joto na kwenda kuona baridi.

Nilipomweleza baba kwamba wanasafiri yote hayo ili watazame barafu, aliniuliza kama kwao hawana friji.

Nilianza kama msafisha vyumba, lakini msimu wa pili nikapewa chumba cha mabuti, na hapo ndipo nilipoipenda kazi. Sheria ya kule ni kwamba hakuna mbegu, udongo wala kipande cha jani kinachoruhusiwa kushuka nchi kavu. Kwa hiyo kabla ya kupanda boti za mpira kila abiria anapita kwangu. Anasimama kwenye karai la dawa. Nampekua mifuko, nafyonza mishono ya koti lake kwa mashine, nachokonoa soli kwa kijiti. Majaji wastaafu, madaktari wa kupasua vichwa, mabibi wenye makampuni, wote walikuwa wananiinulia mguu kama ng'ombe anayetazamwa kwato. Nikisema rudi, wanarudi. Kwetu hata mbuzi hawajawahi kunitii kiasi hicho.

Lakini msimu wa kwanza nilikuwa mshitakiwa mimi. Mkaguzi aliingiza kibano kwenye mfuko wa sweta langu akatoka na punje ya haragwe. Lilikuwa haragwe la mama, la Bugarama, lenye madoa, limesafiri nami bila tiketi. Kikaitishwa kikao cha watu wanne. Likapigwa picha likiwa limewekwa pembeni ya rula. Likatiwa kwenye bahasha, bahasha ikaandikwa jina langu, nikaambiwa nieleze nia. Nikawaambia nia ya haragwe ni kuliwa. Hawakucheka, na mimi sikuwa nafanya mzaha.

Mambo ya meli yale ukiyasimulia kwetu unaonekana mwongo. Saa kumi na moja asubuhi sauti inatangaza kwenye spika kuwa nyangumi yuko upande wa kulia, na watu mia moja wanakimbilia sitaha wakiwa na nguo za kulalia na darubini. Kipindi kingine jua halizami kabisa, unakula chakula cha jioni huku umefumba jicho moja. Siku moja ya kila safari wazee wa miaka sabini wanafungwa kamba kiunoni na kurukia maji yenye barafu kwa hiari yao, daktari amesimama pembeni na blanketi, kisha kila mmoja anapewa cheti. Kwetu ukitumbukia mto Ruvubu hupewi cheti, unapewa makofi.

Halafu kulikuwa na sili. Sili ni mnyama wa baharini, mnene, hana miguu ya maana, anajivuta juu ya barafu na kulala mchana kutwa akikoroma. Mtu akimsogelea anafungua jicho, anamtathmini, anaona si jambo la kuamkia, anafumba. Nilimpenda mnyama huyo tangu siku ya kwanza. Nilipiga picha za sili hadi simu ikalalamika, na niliporudi nyumbani mwezi wa nne nilimwonyesha baba moja moja. Baba ni mkulima wa kahawa na mzee wa heshima parokiani, hajawahi kuona bahari, lakini kwa sili alishikwa. Akawa anawaomba jirani waje waone.

Sasa kuhusu mchumba. Alikuwa bwana mifugo, mwajiriwa wa wilaya ya Biharamulo. Tulifahamiana nikiwa likizo kutoka Zanzibar, alipokuja kwetu Ngara kusaidia chanjo, akachanja ng'ombe wa baba, akanawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika huku akinitazama. Kwao ni Nyantakara, familia ya Wasukuma waliohama na mifugo kutoka Shinyanga. Alikuwa mpole, anacheka taratibu, anaongea na mnyama kabla ya kumdunga. Kipindi nikiwa melini alikuwa ananiandikia kila mtandao ukipatikana. Nilimpenda, na sioni sababu ya kulizungusha neno hilo.

Tatizo ni kwamba niliporudi alisema, akiwa na furaha yake, "Sasa umerudi, umerudi jumla."  Mwezi wa saba meli ikaniletea mkataba mwingine, miezi sita kuanzia mwezi wa kumi, na safari hii kama mkuu wa chumba cha mabuti. Niliusaini kwa kidole kwenye simu, nimekaa juu ya gunia la kahawa, sijamwambia mtu yeyote. Nilijiambia nitamwambia Jumamosi. Jumamosi zikapita, zikafika tatu, na ya nne ndiyo kwao walipanga kuja kujitambulisha rasmi. Nikienda sebuleni na mkataba ule moyoni ningekuwa namdanganya mbele ya mama yake. Nikiusema, huenda nisiolewe. Hilo ndilo lililokuwa tumboni mwangu siku ile, huku mama akinituma ndizi, maji, vikombe.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu ndimi. Kiswahili kwetu ni cha shule, soko na ofisi. Nyumbani ni Kihangaza. Wazee wetu wengi l ikiwafikia mdomoni inatoka r: wanarara, wanakura, wanapanda meri. Ndugu wa mchumba wangu wao walielekea upande wa pili: habali, balabala, kalibu. Ukiwaweka sebule moja, herufi hizo mbili zinabadilishana viti, na mara nyingi hakuna madhara. Mimi nimezoea ulimi wa baba kiasi kwamba hata r yake naisikia l.

Walifika saa tano kwa Hiace ya kukodi, vumbi hadi kwenye kope. Baba wa mchumba hakuja, alikuwa na ng'ombe. Alikuja mama yake, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kuhesabu mifugo, na mshenga, mzee mrefu aliyevaa koti la suti na viatu vya mpira. Mchumba mwenyewe alikaa pembeni kama desturi inavyotaka. Mwoaji siku hiyo hasemi, anatazama mkeka.

Mimi nilikuwa chumba cha nyuma na mama aliyekuwa akikanda unga, pazia limetutenga, nikisubiri kuitwa. Tukasikia mshenga akisema wamekuja kwa heri, ila wangependa kujua binti alikuwa wapi miaka hiyo miwili, maana maneno ni mengi. Baba alikuwa akilisubiri swali hilo kama mwanafunzi aliyeiba mtihani.

"Mwanangu hana ubaya wowote," akasema. "Arikuwa kwenye meri. Amekaa na siri miaka miwiri, huko kwenye barafu. Siri wakubwa kabisa, wanene. Nimewaona kwa macho yangu."

Kimya. Nilidhani ni kimya cha heshima. Ngeli zingeweza kumwokoa, kwa sababu siri za kuficha haziwi “wakubwa” wala “wanene”, lakini sokoni kwetu ngeli ni za hiari na hakuna aliyezitegemea.

"Mzee unazijua?" mshenga akauliza polepole.

"Zote. Amenionyesha. Na majirani wameona."

Nikaitwa. Nilitoka, nikapiga magoti, nikasema shikamooni, wakaitikia marahaba kwa sauti ya watu walioko kwenye msiba. Mshenga alijikohoza.

"Binti, baba yako ametueleza kwamba una sili. Ni kweli?"

Nitakuwa mkweli: nilifurahi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya umri na dini, na mzee wa watu anaanza na mnyama nimpendaye.

"Ni kweli," nikasema. "Sili ninao, wengi."

Mama wa mchumba alifunika mdomo kwa kitenge.

"Wengi kiasi gani?"

"Zaidi ya mia. Nimewapiga picha. Wengine sikuwahi, waliingia majini."

Mchumba wangu aliinua kichwa. Yeye picha zile alikuwa nazo zote, nilimtumia. Akafungua mdomo, mshenga akamwonyesha kiganja bila kumtazama, akaufunga.

"Na sili hizi," mshenga akaendelea, jasho limemtoka, "ulizipata kazini?"

"Kazini, ndiyo. Wanalala tu pale, mchana kutwa. Hata ukipita karibu hawajali. Mwaka jana nilimwona mmoja akizaa."

"Akizaa."

"Mbele yangu."

"Kwa hiyo mtoto yupo."

"Watoto wapo wengi, mzee. Wananyonya wiki chache tu, halafu mama zao wanawaacha hapo hapo kwenye barafu wanajiendea zao."

Nyuma ya pazia nilisikia mama yangu akidondosha kifuniko cha sufuria. Yeye alikuwa ameshaelewa kinachoendelea, lakini hakuweza kutoka, alikuwa na unga hadi viwikoni. Baba alikuwa anatabasamu na kuitikia kwa kichwa kila neno.

"Wewe ulifanya nini kumsaidia mtoto?" mama wa mchumba akauliza. 

"Tumekatazwa kuwagusa, mama. Ni sheria. Ukimgusa unafukuzwa kazi."

"Na baba yake?"

"Madume? Hayo hayana habari."

Hapo mama yule alinyoosha mkono na kusema nimwonyeshe picha ya mtoto. Nikatafuta iliyo nzuri kuliko zote, kitoto cha wiki moja, manyoya ya kijivu, macho makubwa meusi, amelala chali. Simu ikaenda kwa mama, ikaenda kwa mshenga. Mshenga alitoa miwani, akaifuta, akaivaa. Alitazama muda mrefu sana. Akanitazama mimi. Akatazama tena simu.

"Huyu," akasema, "hana miguu."

"Hawana, mzee. Ndivyo wanavyozaliwa."

Mchumba wangu akashindwa. Desturi ikamponyoka. "Mama, sili ni mnyama," akasema. "Ni mnyama wa majini. S, i, l, i. Si siri ya kuficha. Mzee amesema sili."

"Nimesema siri," baba akathibitisha.

Ilichukua muda. Mshenga alirudia maneno yote mawili kwa kunong'ona, na kwa ulimi wake yalikuwa neno moja. Kisha mama wa mchumba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka, miguu mbele, anapiga paja. Mama yangu akatoka na unga wake, naye akacheka. Baba alicheka kuliko wote, ingawa nina hakika mpaka leo hajui tulicheka nini.

Mama yule akataka picha zote. Alivuta stuli karibu nami akauliza maswali ya mfugaji: wanakula nini mpaka wananenepa hivyo pasipo na jani, mimba wanabeba miezi mingapi, usiku wanalindwa na nani. Nikamwambia hawana mwenyewe. Akarudisha simu magotini kwangu kama iliyomchoma.

"Mifugo yote hiyo haina mwenyewe? Na haiibiwi?"

"Haiibiwi, mama."

"Na wewe hukuogopa, kuwa mbali vile?"

"Mwezi wa kwanza nililia kila siku. Wa pili nikazoea. Wa tatu nikawa sitaki kuondoka."

Alinitazama vizuri. Mshenga naye, akiwa amefarijika, alisimama kufunga neno lake kwa utaratibu. Alisema wameridhika. Alisema maneno ya watu yamejibiwa. "Basi," akamalizia, "sili hakuna."

Pale ningeweza kunyamaza. Kila mtu alikuwa na uso wa furaha, nyama ilikuwa imeiva, na mchumba wangu alikuwa ananiangalia kama alivyoniangalia akinawa mikono siku ile. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha mabuti miezi mingi nikiwaambia watu watoe kila walichoficha mifukoni, hata punje moja. Nilishindwa kubaki na yangu.

"Mzee, kaa kidogo," nikasema. "Sili ni mnyama. Siri ninayo, moja. Nimesaini mkataba. Mwezi wa kumi narudi melini, miezi sita."

Mchumba wangu hakushituka. Aliinamisha kichwa tu, akaanza kuchomoa nyuzi za mkeka. Baba ndiye aliyeuliza, kwa Kihangaza, kama nimesema nilichosema.

Mama wa mchumba akazungumza kabla ya mshenga. "Mimi nilipoolewa, mwaka wa kwanza, mume wangu aliondoka na ng'ombe kutafuta majani. Miezi saba. Nilikuwa na mimba ya huyu." Akamwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Hakuna mtu aliyekwenda kwao kuuliza kama ana sili. Hata leo hayupo hapa, yuko na ng'ombe, na mmeona ni sawa. Haya, wewe. Utamsubili?"

Mchumba wangu aliacha nyuzi za mkeka. 

"Ungeniambia," akanijibu mimi badala ya mama yake.

"Ningekuambia ungesemaje?"

"Ningekukataza."

Alisema bila ukali, kwa upole ule ule nilioupenda. Afadhali angenigombeza, kwa maana kugombana najua. "Na watu watasema nini," akaongeza. "Mke wangu yuko kwenye barafu na mimi niko Nyantakara napika mwenyewe. Miezi sita ni mingi."

Nilikuwa nimekosa kwa kumficha, na nilimwomba radhi hapo hapo mbele ya wote. Alisema amesamehe. Lakini hakujibu swali la mama yake, na kila mtu mle ndani alilisikia jibu.

Mgeni haondoki kwetu na njaa, kwa hiyo chakula kiliandaliwa. Tulikula kama watu waliokutana stendi. Mshenga peke yake alijitahidi kuweka mazungumzo. Aliuliza kama nyama ya yule mnyama inafaa kwa mchuzi. Mama yangu alimsogezea mchumba wangu sahani ya ndizi kwa mara ya pili, akamsihi.

"Asante, mama," akasema. "Mimi sili."

Nilimwona baba akigeuka kumtazama kwa makini, kuanzia kichwani hadi miguuni. Kicheko kilinipanda kooni kikakutana na machozi yakishuka, nikalazimika kutoka nje na kusimama nyuma ya banda la mbuzi mpaka vyote viwili vilipoisha.

Nilirudi walipokuwa wanaaga. Mchumba wangu alinipa mkono akasema tutawasiliana, na tulijua sote hatutawasiliana. Akapanda, akakaa dirisha la upande wa pili. Mama yake alikuwa wa mwisho. Alikuwa na mguu mmoja ndani ya gari alipoushusha, akarudi hadi niliposimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mikavu, yenye nguvu.

"Mimi ningekusubili, mwanangu," akasema.